Meno ya mbele ya mtoto yameoza? Vidokezo 13 kwa wazazi wa Butembo na Beni

Mtoto wa miaka miwili anacheka, na mahali pa meno meupe unaona vipande vya kahawia vimeng'ang'ania ufizi. Butembo hilo si jambo geni. Utaliona kanisani, utaliona sokoni, utaliona kwenye foleni ya CPS, kliniki ya watoto wadogo, siku ya kupima uzito. Mzazi akiomba ushauri, hupewa majibu mawili tu. La kwanza: "Acha, hayo ni meno ya maziwa, yatatoka yenyewe." La pili: "Yang'olewe, yaishe." Kati ya majibu hayo mawili kuna njia nyingi za kumsaidia mtoto, na baadhi yake hazihitaji sindano, mashine wala umeme. Mama, baba, bibi unayelea wajukuu, soma hatua kwa hatua.

1. Usiridhike na "yatatoka tu"

Meno ya mbele ya juu huota kati ya mwezi wa 8 na wa 13, na hung'oka yenyewe mtoto akiwa na miaka 6 hadi 8. Maana yake, jino lililooza kwa mtoto wa miaka miwili bado lina miaka minne hadi sita ya kumtumikia: kuuma embe, kutamka maneno vizuri, kucheka bila kuziba mdomo kwa mkono.

Jino bovu halikai kimya miaka yote hiyo. Linamuuma mtoto usiku, linamnyima hamu ya kula, na mtoto asiyekula uzito wake unasimama. Uozo ukifika kwenye mzizi, usaha hukusanyika karibu kabisa na chipukizi la jino la ukubwani linalojijenga ndani ya mfupa. Jino hilo jipya linaweza kuota likiwa na mabaka ya kahawia au ganda dhaifu. Kwa hiyo anayelitunza jino la utotoni anamtunzia mtoto pia jino la ukubwani.

Wala usione haya. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (OMS) ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Si laana wala si uchawi. Ni ugonjwa, na una matibabu.

2. Inua mdomo wa juu kila mwezi

Uchunguzi huu unaufanya mwenyewe nyumbani. Mlaze mtoto mapajani kichwa kikielekea kwako, karibu na dirisha au chini ya tochi ya simu. Kwa kidole gumba, inua taratibu mdomo wa juu mpaka uone ufizi wote. Futa meno kwa kitambaa safi, maana mate na mabaki ya uji huficha mengi.

Sasa tazama pale jino linapokutana na ufizi. Ukiona mstari mweupe uliofifia kama chaki, usiong'aa kama sehemu nyingine ya jino, umeuona uozo ukiwa unaanza. Hapo jino bado halijatoboka, na linaweza kupona. Rangi ya manjano au kahawia ni hatua ya pili: ganda limeanza kulainika. Nyeusi yenye kingo zilizomeguka ni hatua ya tatu. Uvimbe mdogo kama chunusi kwenye ufizi juu ya jino ni usaha, na huo hausubiri.

Fanya hivyo mara moja kwa mwezi tangu jino la kwanza lichomoze. Na siku ya CPS, mwombe muuguzi naye amwangalie mtoto mdomoni. Ni kazi ya dakika moja.

3. Tafuta kinachoingia mdomoni usiku

Uozo wa meno ya mbele kwa mtoto mdogo una tabia yake: hushambulia meno manne ya juu, na mara nyingi huyaacha ya chini yakiwa mazima. Ya chini yamefunikwa na ulimi, tena yanaogeshwa na mate ya tezi zilizo chini ya ulimi. Ya juu hayana kinga hiyo. Mtoto akilala na biberoni mdomoni, maziwa yenye sukari, chai tamu au juisi huyalowesha meno hayo ya juu kwa saa kadhaa, na usingizini mate hupungua sana. Bakteria hula sukari hiyo na kutoa asidi, na asidi hulainisha ganda la jino.

Basi kanuni ni moja: baada ya mswaki wa usiku, hakuna kinachoingia mdomoni isipokuwa maji. Kama mtoto amezoea biberoni, punguza sukari kidogo kidogo kila siku mpaka yabaki maji matupu. Akifikisha mwaka mmoja, mfundishe kikombe. Na usichovye chuchu ya plastiki kwenye asali wala sukari ili anyamaze.

Vipi kuhusu titi? Mama, usiache kunyonyesha kwa ajili ya meno. OMS inashauri kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi, na maziwa ya mama yana faida nyingi mno. Ila mtoto aliyezidi mwaka mmoja, anayenyonya mara nyingi usiku huku meno yakiwa na mabaki ya chakula, anaweza kuoza meno. Dawa yake ni kuyasafisha meno kabla ya kulala na kupunguza polepole ile tabia ya kulala na titi mdomoni usiku kucha.

4. Anza mswaki leo, hata kama meno yameshaoza

Wazazi wengi huacha kupiga mswaki jino bovu wakiogopa kulimaliza. Ni kinyume chake. Jino lililooza likisafishwa kila siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, uozo unaweza kusimama, na sehemu laini ikaanza kuwa ngumu tena.

Ukiwa dukani au sokoni, ligeuze boksi la dawa ya meno. Tafuta neno fluor au fluorure, na namba isiyopungua ppm 1000. Isiyo na maandishi hayo inanukia vizuri, basi. Mtoto chini ya miaka mitatu anahitaji dawa ya ukubwa wa punje moja ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, ukubwa wa punje ya njegere. Ni kidogo sana, kwa hiyo bomba moja linadumu muda mrefu.

Piga mswaki mara mbili kwa siku, na wa usiku usikose. Simama nyuma ya mtoto, egemeza kichwa chake kwenye tumbo lako, inua mdomo wa juu na usugue taratibu kwenye ule mstari wa ufizi. Ufizi ukitoa damu kidogo siku za kwanza, usiache: hutulia kadiri unavyoendelea kuusafisha. Baada ya hapo ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ikifanya kazi. Mkono wa mtoto chini ya miaka saba au minane bado hauwezi kazi hii peke yake, hata akilia kuwa ameshakuwa mkubwa.

5. Hesabu mara, usihesabu vijiko tu

Kila mtoto anapoonja kitu kitamu, asidi hushambulia meno kwa nusu saa hivi, kisha mate huanza kurekebisha. Mtoto anayekula biskuti moja na kuimaliza amepata shambulio moja. Anayetafuna biskuti hiyo hiyo kidogo kidogo asubuhi nzima hajayapa meno yake nafasi ya kupumua. Ndiyo maana bonboni inayonyonywa taratibu, au chupa ya sukre (soda) inayozunguka na mtoto uani, huharibu kuliko kitu kitamu kilicholiwa mara moja pamoja na chakula.

Tuna bahati. Vilima vya Lubero na bustani za Butembo zinatupa avokado, ndizi, viazi, karanga, maharage, mayai. Hivyo ni vitafunio vizuri kuliko biskuti zinazovuka mpaka wa Kasindi. Uji wa sosoma ni mzuri, ila uonje bila sukari, au na kijiko kimoja tu. Mtoto hazaliwi akiidai sukari, tunamzoesha sisi. Sharubati za dawa, kama za kikohozi, nyingi zina sukari pia: mpe mapema kabla ya mswaki, au mfute meno akishameza.

Na wewe mzazi, tibu meno yako. Bakteria wa uozo huhama kutoka mdomo wa mama kwenda kwa mtoto kwa kijiko kimoja, au kwa chakula kilichotafunwa kwanza.

6. Kabla ya kuamua, hesabu miaka iliyobaki

Swali la kwanza ambalo mtabibu mzuri wa meno hujiuliza ni hili: jino hili linatakiwa kukaa kwa muda gani? Mtoto wa miaka miwili na shimo dogo: jino lina miaka mingi mbele, linastahili kuokolewa. Mtoto wa miaka minne: bado linastahili, na matibabu huwa rahisi kidogo kwa sababu anaelewa anapoambiwa atulie. Mtoto wa miaka sita ambaye jino limeshaanza kulegea: kama haumwi na hakuna usaha, kulisafisha na kusubiri kunatosha. Hakuna haja ya kulipa dola kwa jino litakalodondoka baada ya mwezi.

Swali la pili: je, linauma? Maumivu yanayokuja mtoto anapokula kitu kitamu au cha baridi na kuondoka mara moja yanaashiria kuwa kiini cha jino huenda bado kizima. Maumivu yanayomwamsha usiku bila sababu yanaashiria kuwa kiini kimeshaathirika. Mweleze mtabibu tofauti hiyo, itamsaidia kuchagua.

7. Doa jeupe au shimo dogo: omba floraidi ya kupaka, au dawa ya fedha

Kwa jino lenye mstari mweupe, mtabibu anaweza kupaka vanishi ya floraidi. Ni utomvu unaonata, unapakwa kwa brashi ndogo, na kazi nzima haifiki dakika tano. Hurudiwa mara mbili hadi nne kwa mwaka. Hauumi, na mtoto anarudi nyumbani siku hiyo hiyo akicheka.

Kwa jino lililokwisha kutoboka kuna dawa ya maji iitwayo floraidi ya fedha na diamini, ya asilimia 38. Tone moja hupakwa kwenye uozo kwa dakika moja hivi. Fedha huua bakteria, floraidi hugandisha sehemu laini. Hakuna kuchimba, hakuna sindano. Mwaka 2021 OMS iliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na simenti ya glasi-ionoma tutakayoiona hapa chini.

Lakini ujue mapema: sehemu iliyooza itakuwa nyeusi kabisa, na itabaki hivyo. Kwa meno ya mbele hilo si jambo dogo, hasa picha za ubatizo zikikaribia. Wazazi wengi huona afadhali meusi yasiyouma kuliko ya kahawia yanayoendelea kuliwa. Tena weusi huo unaweza kufunikwa baadaye kwa kujaza rangi ya jino. Dawa hii haifai mtoto mwenye mzio wa fedha, wala jino lenye usaha.

8. Shimo linaloonekana: uliza kuhusu kuziba kwa vifaa vya mkono

Njia hii ni ya kwetu Afrika Mashariki, na tujivunie. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye chuo cha udaktari wa meno cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walitafuta namna ya kutibu meno vijijini Tanzania pasipo umeme. Walianza kutumia vifaa vya mkono peke yake. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani iliyohusu meno mwaka huo, OMS iliitangaza njia hiyo kwa dunia nzima. Inajulikana kwa herufi tatu: ART.

Inavyofanyika ni hivi. Mtabibu anakausha jino kwa pamba. Kwa kijiko kidogo cha chuma, kidogo kuliko punje ya mtama, anakwangua uozo laini mpaka afike kwenye sehemu ngumu. Uozo laini kwa kawaida hauumi unapokwanguliwa, kwa hiyo mara nyingi ganzi haihitajiki. Kisha anachanganya unga na maji maalumu mpaka yawe ute mzito, anajaza shimo, anapaka vazelini kidoleni na kukandamiza. Dakika chache baadaye pamekuwa pagumu. Mtoto asile kwa saa moja, basi.

Simenti hiyo ya glasi-ionoma hushikamana na jino yenyewe na hutoa floraidi taratibu. Udhaifu wake ni kingo: kwenye shimo la upande mmoja hukaa vizuri, lakini jino la mbele lililomeguka pande mbili au tatu huidondosha mapema. Ikidondoka, rudi, ijazwe tena. Kwa familia iliyo mbali, huko Oicha, Kyondo au Lubero, na kwa zile zilizokimbia makwao, matibabu yanayokamilika kwa safari moja yana thamani kubwa.

9. Jino limemeguka nusu: kuna taji la rangi ya jino

Jino likiwa limepoteza sehemu kubwa lakini mzizi ni mzima, linaweza kuvishwa taji. Kwa meno ya mbele, mtabibu hutumia kikombe chembamba cha plastiki inayopitisha mwanga, chenye umbo la jino la mtoto. Hukijaza kompoziti, yaani utomvu mgumu wenye rangi ya jino, hukivisha kwenye kipande kilichobaki, huigandisha kompoziti kwa taa ya buluu, kisha huchuna plastiki. Kinachobaki ni jino jeupe, laini, zuri kulitazama.

Uzuri huu una masharti matatu. Lazima libaki jino la kutosha la kushikia. Lazima pawe pakavu, bila damu wala mate, na kwa mtoto anayelia hilo ni gumu. Na lazima kuwe na umeme wa taa na mtabibu aliyezoea watoto. Kuna pia mataji yaliyotengenezwa tayari kiwandani kwa zirkonia, meupe na imara, ila ni ghali na hupatikana hasa kwenye miji mikubwa.

Kwa hiyo ukiambiwa taji linawezekana, uliza pia kama mtoto ataweza kutulia. Katika nchi tajiri watoto wadogo wenye meno mengi mabovu hulazwa kwa usingizi wa dawa na kutibiwa yote kwa siku moja. Usingizi huo una hatari zake, na unafaa tu pale penye mtaalamu wa usingizi, oksijeni na vifaa vya dharura. Usikubali mtoto alazwe kwa dawa kwenye chumba kisicho na vitu hivyo.

10. Penye usaha usizibe juu yake

Jino lenye chunusi ya usaha kwenye ufizi, au linalocheza kabla ya umri wake, haliwezi kuzibwa tu juu. Usaha utabaki umefungiwa ndani. Hapa kuna njia mbili: kusafisha mzizi na kuujaza dawa inayoyeyuka pamoja na mzizi wa jino la utotoni, au kuling'oa kwa ganzi.

Kung'oa si kushindwa. Jino likiwa chanzo cha maambukizi, kulitoa ni tiba. Mtoto atakula, ataongea, na kwa kawaida meno ya ukubwani huota mahali pake, ingawa yanaweza kuchelewa. Pengo la mbele halihamishi sana meno mengine ikiwa chonge zimeshaota. Baada ya kung'olewa, aume pamba kwa nusu saa. Kisha mchunge kwa saa mbili tatu asitafune mdomo wake uliokufa ganzi, maana hutoa kidonda kikubwa kuliko cha jino.

Dalili hizi ni za dharura, mpeleke hospitali leo, usiku au mchana: uso umevimba kuelekea jicho au shingoni, ana homa kali, anashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua.

Akisubiri matibabu na anaumwa, mpe parasetamoli kwa uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja.

11. Uliza maswali kabla ya kulipa

Anzia kituo cha afya cha mtaa wako, au hospitali kubwa zinazojulikana mjini, kama Kitatumba, Katwa au Matanda, na uulize dentisteri iko wapi na siku gani wanapokea watoto wadogo. Usifunge safari ya Kampala kabla hujajua kinachowezekana Butembo, Beni au Goma.

Ukifika, uliza hivi: Mnatibu watoto wa umri huu? Jino hili linaweza kuokolewa? Mna ART, vanishi, dawa ya fedha? Bei ya yote ni kiasi gani, kwa franka au kwa dola, na ikidondoka nitalipa tena? Mtabibu mwema hatakasirika.

Tazama pia usafi. Ebola ya 2018 hadi 2020 ilitufundisha kunawa mikono kila mlangoni, na somo hilo lisisahaulike kwenye kiti cha meno. Glavu mpya kwa kila mtoto, sindano mpya mbele ya macho yako, vifaa vilivyochemshwa kwa mvuke. Usipoviona, una haki ya kuuliza.

Kwa mtoto mdogo, omba uchunguzi wa goti kwa goti. Wewe na mtabibu mnakaa mkitazamana, magoti yakigusana. Mtoto anakukumbatia kiunoni kwa miguu, halafu analazwa nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mtabibu. Anakuona usoni muda wote, mikono yake umeishika wewe. Akilia, mdomo uko wazi na kazi inaendelea.

12. Haya yakatae kabisa

Kataa anayetaka kuchimba ufizi wa mtoto mchanga mwenye homa na kuhara ili kutoa "meno ya plastiki". Uganda huitwa ebiino, Tanzania meno ya plastiki au ya nailoni. Kinachotolewa ni machipukizi ya meno ya kweli, hasa chonge. Watoto wamekufa kwa damu na maambukizi, na wengine wamekosa meno maisha yao yote. Mtoto mwenye homa na kuhara anahitaji maji ya chumvi na sukari (ORS), kipimo cha malaria na daktari.

Kataa tetrasaiklini ya farmasi kwa mtoto chini ya miaka minane: hutia meno yanayojijenga rangi ya kahawia isiyotoka. Usimpe mtoto aspirini, wala usiisage ukaiweka kwenye ufizi, huunguza. Usiweke asidi ya betri, petroli wala unga wa baruti kwenye shimo. Na usinunue antibiotiki kila jino linapouma: usaha utapungua leo, utarudi mwezi ujao, kwa sababu jino bovu bado lipo.

Jino la mbele likigeuka kijivu baada ya mtoto kuanguka, hilo ni jeraha, huenda si uozo. Mwonyeshe mtabibu. Na jino la utotoni lililong'oka zima kwa kuanguka halirudishwi mahali pake, linaweza kuliumiza lile linalokuja.

13. Baada ya matibabu, nyumba nayo ibadilike

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Meno yamezibwa vizuri, mtoto anapendeza, halafu usiku ule ule biberoni ya chai tamu inarudi. Miezi sita baadaye uozo umetokea pembeni ya simenti, na mzazi anasema matibabu hayafai. Matibabu yalifaa. Kilichosababisha ugonjwa kiliachwa mle mle.

Kwa hiyo weka utaratibu ambao kila anayemlea mtoto anaujua: bibi, dada wa nyumbani, shangazi wa Beni anayekuja likizo. Usiku ni mswaki, kisha maji tu. Vitamu ni wakati wa chakula. Mdomo unainuliwa kila mwezi. Kwa mtabibu mnarudi kila baada ya miezi mitatu hadi sita, hata kama hakuna kinachouma. Meno yaliyozibwa yanahitaji kutazamwa zaidi kuliko yale ambayo hayajawahi kuguswa.

Na tuwaombe viongozi wa afya wa Butembo na Beni jambo moja linalowezekana: muuguzi wa CPS anayepima uzito na kutoa chanjo ainue pia mdomo wa kila mtoto. Jino lililogunduliwa likiwa na mstari mweupe hutibiwa nyumbani kwa mswaki na dawa ya meno ya ukubwa wa punje ya mchele. Lililogunduliwa likiwa na usaha mara nyingi hung'olewa. Usingoje CPS ijayo: mwangalie mtoto wako leo.